Boti Niliyoisifu Bila Kuipanda

Nilipoishia wiki iliyopita mlikuwa mnanipigia makofi.

Barua zenu nimezisoma. Mama mmoja ameniita mkombozi wa wavuvi wa Kreefbaai. Mwingine anataka mwanawe aje akae kwangu ajifunze kuandika. Asimlete. Hizo pongezi zirudisheni mfukoni kwanza, maana leo nasimulia nilivyoupata ule ukurasa.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Septimus Arendse, kijijini wananiita Wino. Shule niliacha darasa la sita. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia samaki, habari nusunusu, nyingine nikizimalizia kichwani. Miaka kumi na minne nilijenga boti za faiba kwenye karakana ya kiwanda cha samaki, nikafukuzwa Agosti 1987 kwa kuongoza mgomo. Majina ya waliotia saini barua ya kunifukuza ninayo mpaka leo, wote saba, na wawili nimekwenda kwenye mazishi yao kuhakikisha.

Baada ya hapo nikawa mwandishi wa kujitegemea. Boti na bahari, basi. Ukilifungua lile jarida la Cape Town la watu wanaokunywa mvinyo juu ya sitaha, ukakuta mtu anaeleza boti fulani inavyopanda wimbi, huyo ni mimi. Mama yangu alipasua samaki kiwandani miaka thelathini na moja. Mwanawe anawafundisha matajiri wanunue boti ipi.

Wiki iliyopita nilieleza jarida hilo lilivyonipa ukurasa mzima kusema habari zetu. Niliandika kwamba kiwanda kinavua ndani ya maji ya kijiji, na kwamba nilisimama kilimani siku kumi na moja nikizihesabu meli zake kwa macho yangu. Hilo ni kweli, naapa kwa kaburi la mama. Ukurasa ukafika kwa wakubwa serikalini, ushirika wetu ukapewa haki ya kuvua, kiwanda kikakata rufaa. Rufaa ikapangwa Jumanne, na shahidi wa kwanza kwenye faili ni ule ukurasa wangu.

Hapo ndipo mlipopiga makofi.

Sasa sikilizeni. Mhariri hakuutaka ukurasa ule. Alitaka nimjaribie boti mpya ya Lategan, mjenzi wa boti wa mjini, aina ya Shakwe ya futi ishirini na nane, na aliitaka Ijumaa. Tukapatana kwa simu: nimletee Shakwe, anipe ukurasa. Nikichelewa, nafasi yangu inakwenda kwa tangazo la miwani ya jua.

Kujaribu boti si kuitazama. Unatoka nayo nje ya ghuba, unaipeleka kichwa kwa wimbi, kisha ubavu, kisha unageuza upokee wimbi kwa nyuma. Unaweka kiganja kwenye ukuta wa tezi, pale injini zinaponing'inia, usikie unavyotetemeka. Na kabla ya yote hayo unatoa sarafu, unaigonga boti mwili mzima kama tabibu anavyogonga kifua cha mgonjwa. Faiba nzima hulia kavu, kwa juu. Yenye uwazi ndani, au ubao uliokunywa maji, hujibu kama boga bovu.

Juma lile upepo wa kusini-mashariki ulifunga bandari siku sita. Shakwe ilikuwa ndani ya banda la Lategan, imefunikwa turubai. Alhamisi akanipa kahawa na karatasi ya vipimo, akasema upepo ukikataa kila mwandishi hufanya hivyohivyo, na mbona mimi najifanya mtume.

Turubai sikulifunua. Sarafu ilikuwa mfukoni.

Nikaandika. Sentensi moja ninayo kichwani kama mtu anavyokuwa na kovu: "Niliweka kiganja kwenye ukuta wa tezi tukishuka wimbi la mita tatu, na haukutikisika zaidi ya ukuta wa kanisa."

Ukurasa wa ishirini na mbili, Shakwe. Ukurasa wa ishirini na tatu, wavuvi wa Kreefbaai. Uongo na ukweli vikawa vinatazamana, na ukilifunga jarida vinabusiana.

Nilijiambia wanaosoma mambo ya boti ni walewale ambao baba zao walituhamisha ng'ambo ya reli mwaka 1969, tukawaachia nyumba zinazotazama maji. Tajiri mmoja akinunua boti ya hovyo, nani atalia?

Sikufikiria kwamba Kreefbaai nako wanasoma ukurasa wa ishirini na mbili.

Ushirika ulipopewa haki ulipewa na boti moja ya kuanzia, waichague wenyewe. Mimi nilikuwa Walvis Bay naandika habari za meli za pilchadi, dagaa wakubwa wa makopo. Niliporudi walikuwa wamekwishakata shauri, na aliyewashawishi ni Lavona, binti wa dada yangu Drusilla. Ana miaka ishirini na tisa, nahodha mwenye cheti, mwanamke wa kwanza kijijini kushika usukani wa boti ya kuvulia. Alisimama mkutanini akakisoma kifungu changu bila kutazama karatasi. Alikuwa amekikariri.

"Mjomba hasifu ovyo," aliwaambia. "Mnamjua. Hata chakula cha harusi huwa hakisifu."

Wakacheka, wakainua mikono. Shakwe.

*

Wakaiita Magdalena, jina la mama yangu.

Ilishushwa majini Jumamosi moja ya Juni, siku tatu kabla ya rufaa. Snuku walikuwa wamefika, wale samaki warefu wenye meno ya mbwa. Kutoka gatini ungeona ndege wanavyowashukia nje ya mlango wa ghuba. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Lategan naye alikuja kutoka mjini, kavaa koti jipya, kaleta mpiga picha.

Nilifika mapema kuliko wote. Nikazunguka nyuma ya boti ikiwa bado juu ya magurudumu, injini mbili zimefungwa, nikatoa sarafu.

Upande wa kulia ulilia vizuri. Katikati vizuri. Upande wa kushoto, chini ya bolti ya pili, sauti ikaanguka.

Nikagonga tena. Boga. Nikashuka nayo mpaka usawa wa maji: boga, boga, boga. Ubao wa ndani ulikuwa umekunywa maji tangu bandani kwa Lategan, na juu yake imening'inizwa injini ya kilo mia mbili.

Usidhani sikujua maana yake. Nimejenga kuta za namna ile kwa mikono hii. Kwenye maji tulivu itakwenda hata mwezi. Ipe wimbi la nyuma na mzigo wa samaki, ukuta unang'oka, na boti iliyopoteza ukuta wa nyuma haiombi ruhusa ya kuzama.

Nikamvuta Lategan nyuma ya vibanda vya nyavu. Nikamwambia ukuta wake umeoza, ashushe injini, aseme mwenyewe mbele ya watu.

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza kwa upole, kama anayeuliza hali ya mgonjwa:

"Umejuaje, Septimus? Ulipoipanda ulikuwa mgumu kama wa kanisa."

Nikairudisha sarafu mfukoni.

"Kaseme," akasema. "Mimi nitasema hukuwahi kuikanyaga. Karatasi ya vipimo ninayo, na maandishi yako pembeni. Halafu Jumanne wakili wa kiwanda atauliza: mtu huyu aliyedanganya ukurasa wa kushoto, wa kulia tumwamini vipi? Meli alizihesabu kweli, au nazo zilikuwa chini ya turubai?"

Akanipangusa vumbi begani.

"Mimi nitapoteza boti moja, bwana. Wewe utawapotezea bahari."

Nimepigwa na polisi mara nne maishani mwangu. Hakuna aliyewahi kunipiga pale.

*

Nikamwendea Lavona. Nilidhani nitapata njia ya katikati. Waoga huamini sana njia za katikati. Nikamwambia mawimbi ya kaskazini-magharibi yanainuka, wangoje Jumatano.

Alikuwa anakaza kifungo cha jaketi la kuokolea. "Snuku hawajui Jumatano, Mjomba."

Nikamwambia nimegonga nyuma, kushoto, sauti sikuipenda.

Akaacha kifungo. Huyu si mtu wa kudharau sarafu. Mimi ndiye niliyemfundisha. "Ulipoijaribu wewe ililia vipi?"

Swali jepesi. Mtoto wa dada yangu ananitazama kwa macho ya mama yangu, boti ina jina la mama yangu, na jibu lina neno moja tu.

"Ilikuwa nyingine," nikasema. "Ya kwanza kutengenezwa."

"Basi hii ni mdogo wake," akasema, akarudi kwenye kifungo. "Huenda ina mafua."

Kallie, baharia wake, mwanamume wa kimo cha mlango, akacheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa natafuta neno jingine Drusilla alipokuja na mkate. Hapo nikakumbuka kitu nilichokisahau miaka ishirini, kwa kukaa na watu wa mvinyo. Sijui nilikisahau vipi.

Kwetu boti mpya haitoki na wavuvi peke yao. Aliyeisifu huipanda. Zamani alikuwa fundi aliyeijenga: anakaa nyuma, karibu na injini, na wakifika mlango wa ghuba anashuhudia kwamba inakwenda kama alivyosema. Siku hizi anashuhudia kwa redio, watu wa gatini wakasikia kwenye spika. Akishashuhudia, mkate unakatwa. Asiposhuhudia, boti inarudi kwa aliyeijenga, hata iwe imelipiwa na mfalme.

Mzee Jafta, mwenyekiti wa ushirika, akasimama na koti la mpira mkononi. Akawauliza watu fundi apande au nani, maana aliyewauzia ni Lategan ila aliyeisifu ni mwingine.

"Wino!" kikajibu kijiji.

"Atatapika kwa maneno makubwa," mwanamke mmoja akasema, watu wakaangua kicheko.

Dada yangu akanivalisha koti kwa mikono yake. Akanifunga mpaka shingoni kama vile nakwenda darasa la kwanza. "Kaa nyuma, kaka," akaniambia taratibu. "Na huyo binti umwangalie. Sina mwingine."

Lategan alikuwa ameegemea gari lake. Alinipungia mkono.

Ningeweza kukataa pale. Mila yenyewe ilinipa mlango: sema hapana tu, boti haiingii majini. Nilikuwa na kijiji kizima mbele yangu na Jumanne nyuma yangu, nikatazama huku na huku, nikapanda. Watu wakapiga makofi. Nilionekana jasiri. Lategan peke yake alijua niliingia mle kwa woga.

*

Ndani ya ghuba Magdalena ilikwenda kama ndoto. Lavona alisimama kwenye usukani, miguu imeachana, hasemi. Kallie alikuwa omo, mbele kabisa, akitayarisha mishipi. Mimi nilikaa nyuma, mgongo kwenye injini ya kushoto.

Mpango wangu, kama unastahili jina hilo: tufike mlangoni, niseme nimeona moshi, turudi polepole, injini ishushwe kimyakimya, Jumanne ipite. Mpango wa mtu aliyesahau bahari haisomi kalenda.

Tulipotoka kwenye kivuli cha miamba wimbi la kwanza likatuinua. Si kubwa. Boti ikapanda, ikashuka, na nyuma yangu nikasikia kitu kikisema *krk*.

Nikageuka. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa tezi.

Ndiyo. Kile nilichoandika kwamba nimekifanya, sasa nikakifanya kweli, miezi mitano baadaye, na ukuta ulikuwa unapumua. Kila wimbi likija unakwenda nje upana wa ukucha, unarudi. Chini ya bolti ya pili kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, na mstari ulikuwa unatoa machozi.

"Lavona, punguza moto."

Akapunguza, akanitazama. Nikasema ndani kuna maji. Kallie akafungua kifuniko cha sakafu, akatia mkono, akautoa umelowa mpaka kiwiko. Tabasamu lake likaondoka. Akaanza kufua maji kwa ndoo bila kuuliza.

Redio ikaita. Ilikuwa sauti ya Mzee Jafta kutoka gatini, ya furaha, nyuma yake watu wakiimba wimbo wa kanisa kwa mapigo ya ngoma.

"Magdalena, Magdalena, mko mlangoni. Mpeni msifu wetu aseme. Mkate uko mezani."

Lavona akanipa kipaza sauti, macho yake hayakutoka kwenye ule mstari. Nikakishika. Lazima ujue jambo moja kuhusu redio za baharini: chaneli ya gatini si yetu peke yetu. Ofisi ya kiwanda huisikiliza tangu asubuhi mpaka jioni, kujua snuku wako wapi. Kila tunachosema wanaandika daftarini, na saa.

Nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka.

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: inakwenda kama nilivyosema. Maneno matatu, kisha turudi, kisha nitaona. Nimeandika uongo mrefu kuliko huo kwa chakula cha mchana.

Ndipo Lavona aliponisogelea. Hakupaza sauti. Mtu asipopaza sauti kwenye boti ujue amekwishajua.

"Mjomba. Ile Shakwe nyingine uliipanda, au hukuipanda?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe.

Elewa hili, wewe uliyeniandikia kuniita mkombozi. Ningeweza kukiachia. Kuinua kidole tu, taa inazimika, namjibu yeye peke yake kwenye upepo, na gatini wasisikie kitu. Nilikitazama kidole kama cha mtu mwingine. Nikamkumbuka mama, mikono yake iliyochanika kwa chumvi, alivyokuwa akisema kiwandani hawakumwibia mshahara tu, walimfundisha kunyamaza.

Sikukiachia.

"Sikuipanda," nikasema. "Hakuna Shakwe niliyoipanda. Bandari ilikuwa imefungwa. Niliandika kwa karatasi ya Lategan. Asubuhi hii nimegonga ukuta, umeoza, nimejua, na nimekuacha utoke."

Nikaachia kitufe.

Uimbaji gatini ulikuwa umekatika. Redio ilibaki inachemka tu, kama mafuta kwenye kikaango kisicho na samaki.

Lavona hakunitukana. Heri angenitukana. Aliinama akauangalia ukuta, akahesabu mawimbi kwa midomo, akanieleza hali kwa sauti ya nahodha: mbele hatuwezi kwenda. Kurudi ni kupokea wimbi kwa nyuma, pale pale pabovu. Tukizima injini ya kushoto, ya kulia peke yake haitatutoa kwenye miamba. Tunahitaji mtu wa kutuvuta, sasa hivi.

Boti za kijiji zote zilikuwa gatini, zimefungwa kwa heshima ya siku ile, zisingetufikia kwa wakati. Nikainua macho. Chombo kimoja tu kilikuwa karibu, robo maili, cheupe, kikubwa, ndege wamekizunguka. Kilikuwa ndani ya maji yetu, pale pale nilipokihesabu siku kumi na moja.

*Krk*, ukuta ukasema. Injini ya kushoto ikainamisha kichwa.

Redio ikafunguka. Nilitegemea Mzee Jafta, nikaogopa awe Drusilla. Hakuwa yeyote kati yao. Ilikuwa sauti safi, ya mtu aliyekaa kwenye kiti, ninayoifahamu tangu 1987, kwa sababu ndiyo iliyonisomea barua ya kufukuzwa.

"Magdalena, hapa ofisi ya kiwanda. Meli yetu inawaona, na nahodha anangoja amri yangu. Lakini maneno ya mwisho hatukuyapata vizuri daftarini. Bwana Arendse, tafadhali rudia. Taja jina lako kamili kwanza."

Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Kallie alisimama na ndoo, ananitazama. Lavona alirudi kwenye usukani, akashika gurudumu kwa mikono miwili, akanipa mgongo.

"Mjibu wewe, Mjomba," akasema. "Mimi nimeshika boti."